Wenye Mashaka wa Beni na Butembo

Tarehe 1 Agosti 2018 serkali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ulifika Ituri pia, na mpaka mwisho wake, 25 Juni 2020, uliua watu 2.287. Waliokuwa na mashaka waliitwa wote jina moja: wapinzani. Sisi tunaona jina lile lilichanganya watu wasiofanana.

Wako waliosema Ebola hakuna. Hao walidanganyika, makaburi yanashuhudia. Waliomwua munganga Richard Mouzoko pale Butembo, 19 Aprili 2019, ni wauaji tu. Tusiwahesabu pamoja na mama aliyeogopa kumpeleka mtoto kituoni.

Lakini wengi hawakukana ugonjwa. Waliuliza: tangu 2014 tunachinjwa huku Beni, magari haya yote ya msaada yalikuwa wapi? Ulizo hilo ni la haki. Tena Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama, na kumbe masoko na makanisa hayakufungwa! Kesho yake wenye hasira walivamia kituo cha wagonjwa Beni. Ni tendo baya. Lakini kisa chake kilikuwa kura, si chanjo. Walipiga kura ya wabunge 31 Machi 2019. Rais alikuwa amekwisha kuapishwa tangu Januari.