Uhariri wa picha za wanyamapori kwa soko la leseni

Uhariri huu ni usafishaji wa picha kwenye kompyuta ili zipite kwa wakaguzi wa kampuni kama Shutterstock, Adobe Stock na Alamy, zinazowauzia wachapishaji na watangazaji leseni za picha. Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya vina mitihani yake.

Kwenye kinamasi cha Dunga, karibu na Kisumu, ndege huonekana vizuri alfajiri, mwanga ukiwa hafifu. Mpiga picha hupandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), na vivuli hujaa chembechembe. Zipunguzwe kwenye maji na anga tu. Zikifutwa kote, manyoya hulainika kama nta na picha hukataliwa. Mafunjo nayo hayataki kunolewa sana, kwani nyuzi za vichwa vyake huota kingo nyeupe.

Ndege anayestahili uangalifu kuliko wote ni Laniarius mufumbiri, anayeishi kwenye mafunjo. Kifua chake ni chekundu, utosi wa manjano. Wekundu ukikolezwa kupita uwezo wa sRGB, yaani wigo wa rangi wa kawaida wa skrini, kifua hugeuka baka tupu lisilo na unyoya hata mmoja. Utosi nao usitiwe giza, kwa sababu ndugu yake, Laniarius erythrogaster, anapatikana eneo hilohilo na ana utosi mweusi. Mhariri asiyejali hilo huuza ndege mwingine.

Picha ya habari hairuhusiwi kuondolewa kitu: hurekebishwa mwanga, rangi na mkato, na kufutwa vumbi la kihisi. Kwa hiyo gugu maji linalomzunguka kiboko libaki. Isitoshe, mwandishi wa mazingira hulitafuta hilo hasa. Kwa matangazo, nembo zilizo kwenye mashua hufutwa.

Suala zito zaidi ni la Kisumu Impala Sanctuary, iliyoanzishwa mwaka 1992. Humo swala pala hutembea huru, lakini simba na chui wako vizimbani. Kufuta waya na kuandika kwamba simba yuko porini ni kumdanganya mnunuzi, hata kama ufutaji wenyewe hauonekani. Maelezo yaseme wazi kwamba mnyama anafugwa.

Shutterstock hupokea JPEG ya megapikseli 4 au zaidi, na maneno ya utafutaji yasiyozidi 50. Picha ya megapikseli 24 ikikatwa ibaki robo bado ina 6, nayo inatosha. Ikikatwa zaidi ya hapo kisha ikakuzwa kwa programu, ukungu wake hugunduliwa upesi.