Kusingizia Mbele ya Serikali: Neno la Kale na Sharia Yake katika Unguja

Watu wa Unguja wana maneno mengi ya kumpeleka mtu mbele ya mkubwa, na maneno hayo hayafanani. Kushtaki ni kutaka haki kwa mwenye hukumu. Kuchongea ni kupeleka habari za mwenzio kwa mkubwa ili apate mashaka, na huenda habari zile zikawa za kweli. Kuzulia ni kutunga jambo lisilokuwapo. Kusingizia ni kumtwika mtu kosa ambalo msemaji mwenyewe ajua ya kuwa hakulitenda. Twaona basi ya kwamba lugha imekwisha kuwapambanua watu wawili: aliyekosea katika kusema kwake, na aliyesema uwongo hali akijua. Twataka kuonyesha hapa kwamba sharia zilizotawala kisiwa hiki zashika upambanuzi huo huo, na ya kuwa pasipo huo mnyonge hana kimbilio.

Katika siku za Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, na za wanawe waliomfuata, hukumu zilikuwa mikononi mwa makadhi wa madhehebu mawili, Ibadhi na Shafii, na juu yao Sultani mwenyewe katika baraza yake. Vitabu walivyohukumu kwavyo vyaweka adhabu iliyo wazi kwa uzushi mmoja: mwenye kumsingizia mtu zinaa, asilete mashahidi wanne, apigwe fimbo themanini, na ushahidi wake usipokewe tena, ila Mashafii husema ya kwamba akitubu hupokewa. Uzushi mwingine wote adhabu yake ni taazir, maana yake kadhi hupima mwenyewe kwa kadiri ya kosa. Nasi tuliofundishwa Torati twakumbuka kwamba katika Kumbukumbu, mlango wa 19, shahidi wa uwongo alihukumiwa kutendewa lile lile alilokusudia kumtendea nduguye. Hivyo watu wa dini hizi mbili, wasiokubaliana katika mengi, katika hili wamo njia moja.

Kisha ikaja sharia ya tatu, nayo ilitoka Bara Hindi. Wahindi wengi waliofanya biashara katika Mji Mkongwe walikuwa raia wa Kiingereza, au chini ya ulinzi wao, na mashauri yao yalisikizwa na balozi wa Kiingereza. Kabla ya kwisha karne ya 19, kwa amri za Malkia, mashauri hayo yakawa yahukumiwa kwa sharia za Bara Hindi. Miongoni mwazo ilikuwamo sharia ya makosa ya jinai, ambayo Macaulay na wenzake waliiandika mwaka 1837, ikapitishwa mwaka 1860, ikaanza kutumika mwaka 1862.

Katika sharia hiyo vifungu viwili vyatuhusu. Kifungu cha 182 chamhukumu mtu ampaye mtumishi wa serikali habari ajuazo au aaminizo kuwa ni za uwongo, akikusudia mtumishi yule atumie nguvu zake kumdhuru mwingine. Adhabu yake ilikuwa kifungo kisichozidi miezi 6, au faini isiyozidi rupia 1,000, au vyote viwili. Kifungu cha 211 chamhusu amshtakiye mtu kosa la jinai kwa nia ya kumdhuru, hali akijua ya kuwa hakuna sababu ya haki. Huyo kifungo chake chaweza kufika miaka 2. Na kama kosa lenyewe ni la kuuawa, au la kuhamishwa ng'ambo maisha, au la kifungo cha miaka 7 na zaidi, hufika miaka 7.

Waandishi wa sharia hiyo walitoa mfano wa chumvi: mtu apeleka habari kwamba fulani ameficha chumvi ya magendo, naye ajua si kweli, na ajua ya kuwa nyumba ya mwenzake itapekuliwa. Msomaji wa Unguja na aweke karafuu mahali pa chumvi, ataelewa mara moja. Askari waja usiku, magunia yapinduliwa, watoto watazama baba yao akichukuliwa. Asubuhi aachiliwa, kwani hapana kilichoonekana; lakini majirani hawamtazami tena kama jana. Msingiziaji hakuinua hata fimbo, kwani ametumia mkono wa serikali kumpiga adui yake. Ndiyo sababu kosa hili ni la jinai, wala si ugomvi wa majirani wawili tu: aliyedhulumiwa ni mtu yule, na serikali pia imefanywa chombo cha dhuluma.

Lakini adhabu hii ina hatari yake. Mwaka 1897, tarehe 6 Aprili, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuwa mahakama zisitambue tena utumwa. Watumwa hawakufunguliwa wote siku moja, bali kila atakaye uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuutaka. Tufikiri basi mtu wa namna hiyo amesimama kueleza mateso ya bwana wake, asiye na shahidi ila makovu yake. Kama kushindwa kuthibitisha kungehesabiwa kuwa ni kusema uwongo, nani angethubutu kufungua kinywa? Bwana angeshinda shauri, na mnyonge angetoka barazani kwenda gerezani. Kwa hiyo maneno “hali akijua” ndiyo ukuta wa sharia hii. Shitaka lililoanguka si lazima liwe la uwongo. Huenda mashahidi waliogopa, huenda macho yalidanganyika gizani. Mwenye kusema kwa nia safi akakosea hana hatia.

Mwaka 1934 Zanzibar ilipata sharia yake yenyewe ya makosa ya jinai, na baada ya Mapinduzi ya 1964 na Muungano nyingine zimetungwa, ya karibu ikiwa ya mwaka 2018. Majina ya sharia yamebadilika, na rupia ziliondoka tangu 1936. Lakini swali la hakimu linabaki lile lile ambalo lugha yetu iliuliza zamani: je, huyu alikosea, au alisingizia? Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yafaa tuongeze kwamba mwenye kuikata njia hiyo aangalie sana, asije akamzibia njia na mkweli aliye dhaifu.