Wazanzibari wa Durban: Jina Lililovuka Bahari

Mgeni akifika Durban leo na kuulizia Wazanzibari, huenda akaelekezwa Chatsworth, mji mkubwa uliojengwa na serikali ya ubaguzi wa Afrika Kusini kwa ajili ya watu wenye asili ya Kihindi. Huko, katika mtaa wa Bayview, zipo familia ambazo kwa vizazi vitano au zaidi zimejulikana kwa jina la visiwa vyetu. Wengi wao hawajapata kuviona. Na wazee wao wa mwanzo, kwa sehemu kubwa, hawakuwa watu wa Unguja wala Pemba. Walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, pamoja na Wayao na watu wengine wa bara, waliotekwa, wakauzwa, wakapakiwa majahazini, kisha wakakamatwa baharini na manowari za Kiingereza.

Sisi tuliotawanyika Muscat, Dubai, London na kwengineko tunaelewa jinsi jina linavyoweza kumfuata mtu kuliko yeye alivyolifuata. Oman wengi wetu huitwa Wazanzibari, hata aliyezaliwa Mombasa, Tabora au Bujumbura. Lakini baina yetu na Wazanzibari wa Durban ipo tofauti moja kubwa ambayo haifai kufichwa. Sisi jina hili tulilibeba kutoka majumbani mwetu. Wao walibandikwa bandarini, baada ya biashara ambayo baadhi ya wazee wetu waliifadhili na kunufaika nayo. Kwa hiyo khabari zao ni sehemu ya tarikh yetu, tupende tusipende.

Mkataba wa 1873 na mahitaji ya Natal

Mwanzoni mwa mwaka 1873 Sir Bartle Frere aliwasili Unguja kwa niaba ya serikali ya Uingereza akimtaka Sayyid Barghash bin Said akomeshe usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Sayyid Barghash alikataa mwanzo, kisha kwa vitisho vya manowari akatia saini mkataba tarehe 5 Juni 1873. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Majahazi yakaendelea kupita kwa siri, na doria za Kiingereza zikaendelea kuyakamata. Balozi wa Kiingereza mjini, John Kirk, akabaki na suali ambalo mkataba haukulijibu: watu waliokombolewa wapelekwe wapi? Kuwarudisha walikotoka kulionekana ni kuwarudisha mikononi mwa wale wale waliowateka.

Wakati huo huo, koloni la Natal lilikuwa na njaa ya wafanyakazi. Mashamba ya miwa yalikuwa yakipanuka, na Wazulu wenye ardhi na ng'ombe wao hawakuona sababu ya kumtumikia mkulima wa kizungu kwa ujira mdogo. Wahindi wa mikataba walianza kuletwa kwa meli ya Truro mwezi Novemba 1860, lakini uletaji huo ulisimama mwaka 1866 na haukuanza tena hadi 1874. Katika pengo hilo Natal ikaomba watu waliokombolewa baharini. Mwezi wa Agosti 1873 manowari HMS Briton ikafika Durban na watu 113. Wengine wakafuata kwa makundi hadi mwaka 1880, wakafikia jumla ya watu 500 hivi.

Hapa inafaa kulitazama vizuri neno uhuru. Mtu yule aliambiwa kwamba si mtumwa tena. Kisha akaandikwa daftarini, akapewa mwajiri asiyemchagua, na akafungwa na mkataba asioweza kuusoma. Kwa kuwa hapakuwa na idara ya watu kama yeye, akawekwa chini ya afisa aliyekuwa Mlinzi wa Wahamiaji wa Kihindi. Jambo hilo la kiofisi, lililofanywa kwa urahisi wa makarani, lilikuja kuamua maisha ya wajukuu wake karibu miaka tisiini baadaye. Na kwa sababu wengi walipelekwa kutoka Zanzibar, au kwa amri iliyotoka Zanzibar, karani akawaita Wazanzibari. Wenyewe kwa wenyewe waliendelea kujiita Amakhuwa, yaani Wamakua.

Pwani inayofanana na isiyofanana

Durban ipo karibu nyuzi 30 kusini ya ikweta, ilhali Unguja ipo nyuzi 6. Kaskazi na kusi, zinazopanga mwaka wa pwani yetu, hazitawali huko. Ndiyo maana majahazi ya kale yalikoma Sofala na jirani zake. Baharia aliyeshuka zaidi hakuwa na hakika ya upepo wa kumrudisha. Aliyeletwa Durban alitolewa nje ya kalenda aliyokulia nayo. Mvua huko hunyesha zaidi katika miezi ya joto, kuanzia Oktoba hadi Machi, na Juni na Julai huwa kukavu, na usiku wenye baridi ya kutaka blanketi.

Hata hivyo macho yake yalikuta vitu vya kuvishika. Ghuba ya Durban ilikuwa na mikoko na maji yanayokupwa na kujaa. Palikuwa na miembe na migomba. Palikuwa na magimbi, ambayo watu wa Natal huyaita amadumbe, na mtu wa pwani hahitaji kufundishwa namna ya kuyapika. Palikuwa na dagaa wakubwa wapitao kwa makundi kila mwaka mnamo Juni na Julai, siku ambazo watu wote wa pwani ile hushuka ufukweni na vikapu. Alichokikosa ni mnazi. Mnazi haustawi vyema Durban, na pasipo nazi mapishi ya pwani hubadilika ladha, kama wanavyojua wale miongoni mwetu waliofika Ulaya zamani na kulitafuta tui wasilipate.

Kazi ndizo zilizopanga siku. Baadhi yao walipelekwa mashamba ya miwa, wengine majumbani kwa walowezi, wengine bandarini. Lugha walizipanga kama watu wa bandari wanavyozipanga: Kimakua nyumbani, Kizulu njiani na sokoni, Kiingereza kwa mwajiri, Kiswahili pale walipokutana na mabaharia na walimu kutoka pwani ya juu. Ndoa zilikuwa taabu, maana watu walikuwa wachache. Ndipo undugu ukajengwa upya. Mtu aliyeletwa bila baba wala mjomba alilazimika kupata baba na mjomba miongoni mwa wale walioshuka naye, na watoto wakakua wakiwaheshimu hao kama damu yao.

Kings Rest, ardhi ya wakfu

Ng'ambo ya mlango wa bandari ya Durban upo mgongo mrefu wa ardhi uitwao Bluff, wenye ghuba upande mmoja na bahari kuu upande wa pili. Mikataba ilipomalizika, Wazanzibari wengi walikusanyika huko. Si wote waliokuwa Waislamu. Mapadri wa Kikatoliki walikuwa na misheni ya Mtakatifu Francis Xavier juu ya Bluff, na familia kadhaa zilibatizwa na kusomesha watoto wao huko. Lakini sehemu kubwa ilishika Uislamu, wengine wakiwa nao tangu kwao, wengine wakisilimu baada ya kufika.

Kwa Waislamu msaada ulitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao tayari mwaka 1881 walikuwa wamenunua kiwanja katika barabara ya Grey, ulipokuja kusimama Msikiti wa Ijumaa wa Durban. Mwaka 1899 wadhamini wa Kiislamu walinunua ardhi mahali paitwapo Kings Rest, katika Bluff, iwe makazi ya Wazanzibari. Msomaji wetu anayejua tarikh ya mali za wakfu Unguja na Pemba ataona mara moja uzito wa tendo hilo. Katika nchi ambayo mtu mweusi alikuwa akinyang'anywa ardhi kila upande, jamaa hawa walipata pa kukaa chini ya dhamana isiyokuwa ya mkoloni wala ya mwajiri.

Kings Rest palikuwa na msikiti, madrasa, vibanda na mashamba madogo ya mboga. Watu walivua, walifanya kazi bandarini, na walivuka ghuba kwenda mjini na kurudi. Kuanzia mwaka 1908 Durban ilikuwa na sekta ya kuvua nyangumi, na Bluff palikuwa na kituo cha kuwachuna, kilichofungwa mwaka 1975. Harufu yake ilijulikana na kila aliyeishi upande ule. Usiku wa maulidi na wa dhikri watu walikusanyika. Mila za tarika zilizoenea Msumbiji na Visiwa vya Ngazija zilipata makao pale, zikachanganyika na mila za masufi wa Kihindi wa Natal, ambao maarufu wao ni Soofie Saheb, aliyefika Durban mwaka 1895.

Njia ya bahari haikukatika

Mtu aweza kudhani kwamba jamaa hawa walitupwa mahali pasipo njia. Sivyo. Stima zilizopita Zanzibar ndizo zilizofika Durban. Gandhi mwenyewe, alipokwenda Natal mwaka 1893, alipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar, akakaa Unguja siku kadhaa akingoja meli nyengine. Meli za Kijerumani za Afrika Mashariki zilipita njia hiyo tangu miaka ya 1890. Na baada ya Vita Kuu vya Pili, wazee wengi wa familia zetu watazikumbuka Kampala na Karanja, meli za kampuni ya British India zilizokwenda Bombay hadi Durban kupitia bandari za pwani yetu.

Kwa njia hiyo mabaharia walishuka Durban, na miongoni mwao wakapatikana waliozungumza lugha za watu wa Bluff. Walimu wa dini walipita. Khabari zilipita, na vitabu. Tofauti ni kwamba mwenye nauli alikwenda na kurudi, na aliyeletwa na manowari hakuwa na nauli wala kijiji alichoweza kukitaja kwa hakika. Tangazo la kuondoka meli lilikuwa na maana mbili kwa watu wawili waliosimama gati moja.

Suali la mwaka 1961

Mwaka 1950 serikali ya ubaguzi ilipitisha sheria mbili: moja ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake, nyengine ya kugawa miji kwa rangi. Bluff pakatengwa kwa wazungu. Watu wa Kings Rest wakaulizwa swali walilokwisha kulijibu karani wa 1873: nyinyi ni nani?

Jawabu halikuwa jambo la fakhari tu. Aliyeandikwa Mbantu alilazimika kubeba kitabu cha pasi, akakamatwa akipatikana bila nacho, na akahamishiwa vitongoji vya Waafrika. Wazanzibari wakashikilia kwamba wao si wenyeji wa Natal. Ni Waislamu waliotoka Zanzibar, walioandikwa tangu mwanzo pamoja na Wahindi, na wanaoishi katika ardhi ya wakfu ya Waislamu. Mwaka 1961 serikali ikakubali kuwaandika katika fungu liitwalo Waasia Wengine. Hivyo Mmakua, ambaye babu yake aliuzwa pwani ya Msumbiji, akawa Mwasia kwa sheria.

Jina lile la kubandikwa likawa ngao. Liliwaepusha na pasi na likawaweka pamoja. Lakini halikuwaokoa na kuhamishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliondolewa Kings Rest, wakapelekwa Chatsworth. Waliacha bahari, mashamba na msikiti waliouzoea, wakapewa nyumba za serikali zilizopangwa mstari, mbali na maji. Na ngao hiyo ilikuwa na bei nyengine: ili kushinda hoja yao, iliwabidi mbele ya maafisa wasisitize Zanzibar na wanyamazie Umakua. Baada ya mwaka 1994, hofu ilipoondoka, wapo waliorudi kulitaja kwa sauti jina la Amakhuwa. Wapo pia walioshikamana na Uzanzibari, maana ndilo jina walilozikiwa wazee wao.

Linalotuhusu

Tusiwahukumu kwa lolote kati ya hayo mawili. Sisi wenyewe tumejaza fomu katika nchi za ugeni, na tunajua kwamba mtu huandika kile kitakachompa pa kulala. Linalotuhusu zaidi ni upande wetu wa hesabu. Katika mikutano yetu tumezoea kuitaja Zanzibar kama kisiwa cha karafuu, ilimu na ustaarabu, na hayo ni kweli. Durban hulitaja jina lile lile, na ndani yake mna soko la Mkunazini. Tarikh isiyoweza kubeba mambo yote mawili kwa pamoja ni nusu ya tarikh.

Zipo nyumba miongoni mwa wasomaji wetu ambazo wazee wao walifanya kazi melini, walisafiri hadi Natal, au walisomesha huko. Tunawaomba wafungue masanduku: barua, picha za gatini, vitabu vya dhikri vyenye muhuri wa Durban, hata jina moja lililoandikwa pambizoni mwa msahafu. Upande wa Durban wazee wanaoikumbuka Kings Rest wanapungua kila mwaka. Karani wa 1873 aliandika jina la kundi, na majina ya babu na bibi yakabaki midomoni mwa watu. Hayo ndiyo ya kukusanywa kwanza, angali yupo wa kuyataja.