Serikali Kabla ya Katiba: Unguja na Mrima, 1964

Watu wa Bagamoyo hawakupata kuihesabu Unguja kuwa nchi ya mbali. Miji ya Mrima ilikuwa na maliwali wa Sultani hata mwaka 1888, pwani ilipokodishwa kwa kampuni ya Wajerumani, na mwaka 1890 Ujerumani ikainunua kabisa kwa marki milioni 4. Ng'ambo hizi mbili zilitengwa kwa mkataba, wala si kwa matakwa ya wenyeji. Kwa hiyo Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipomwondoa Sultani Jamshid, Mrima haukuwa mtazamaji tu.

Swali la kwanza lilikuwa: ni nani mwenye haki ya kuunda serikali? Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya nusu ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba ilikuwa halali kwa hesabu ya viti, na dhaifu kwa hesabu ya watu. Waliopindua walijitetea kwa wingi huo. Lakini wingi hausemi wenyewe, lazima usemewe. John Okello, aliyezaliwa Uganda na kujiita Fildi Mashali, alikuwa na bunduki na redio. Abeid Karume alikuwa na chama na mapenzi ya watu wa mashamba. Abdulrahman Babu wa Umma Party alikuwa na nadharia, na vijana walioiamini. Karume akawa Rais, Kassim Hanga makamu wake, Babu Waziri wa Mambo ya Nje. Na Baraza la Mapinduzi likashika mamlaka ya kutunga sheria na ya kuzitekeleza pia. Katiba ingefuata. Okello, aliyetoka kwenda Bara, alizuiwa kurudi Unguja mwezi Machi.

Wanaoueleza Muungano kwa hofu ya Marekani na Uingereza juu ya ukomunisti wana hoja, na wanaoueleza kwa ndoto ya umoja wa Afrika wana hoja vilevile. Makundi yote mawili, hata hivyo, hupita haraka mno mbele ya kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Tanganyika ilikuwa imekwisha kupeleka askari polisi Unguja kumsaidia Karume. Tarehe 20 Januari askari wa Colito waliasi, na tarehe 25 Nyerere, kwa uchungu usiofichika, alilazimika kuwapokea wanajeshi wa Kiingereza wawanyang'anye silaha. Serikali iliyokuwa ikiisaidia jirani yake kusimama iliona jinsi yenyewe iwezavyo kuanguka. Baada ya hapo, mjadala mrefu juu ya katiba ulionekana kuwa anasa.

Hati za Muungano zilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, zikiahidi Baraza la Kutunga Katiba katika muda wa mwaka mmoja. Baraza hilo lilikutana mwaka 1977. Zanzibar ilipata katiba yake baada ya Mapinduzi mwaka 1979. Na Aboud Jumbe, aliyemrithi Karume, alipolifufua swali la serikali tatu, alilazimika kujiuzulu Januari 1984.