Aksioni: Zaidi ya Miaka 40 ya Kusikiliza Kimya

Marekani kulikuwa na sabuni ya kufulia inayoitwa Axion. Mwaka 1978 mwanafizikia Frank Wilczek aliazima jina hilo akalibandika kwa chembe ambayo mpaka leo hakuna msee ameiona. Sababu? Chembe hiyo, aksioni, ilikuwa inasafisha doa kwenye nadharia. Mwaka mmoja nyuma Roberto Peccei na Helen Quinn walikuwa wamependekeza njia ya kulitoa doa lenyewe.

Baadaye hesabu zikaleta kubwa zaidi: huenda aksioni ndiyo mata ya giza, ile isiyoonekana na ambayo inazidi mata ya kawaida kama mara 5 hivi. Sasa utashika aje kitu ambacho karibu hakigusi chochote?

Mwaka 1983 Pierre Sikivie alikuja na wazo. Weka mkebe wa chuma ndani ya sumaku kali sana. Aksioni ikipita humo, inaweza kugeuka kuwa wimbi hafifu la maikrowevu. Lakini mkebe lazima uwe kwenye masafa yake kabisa, na hakuna anayeyajua. Kwa hivyo unasongeza polepole, kama kutafuta stesheni ya redio bila namba, na stesheni yenyewe inanong'ona.

Mradi wa ADMX ulianza hivyo huko California miaka ya 1990, kisha 2010 ukahamia Seattle. Joto ni kelele, kwa hivyo mkebe unapozwa mpaka karibu na sifuri kabisa. Mwaka 2018 walitangaza matokeo ya kati ya megahatsi 645 na 680, masafa ambayo hata TV hutumia. Walipata nini? Hakuna.

Hapo ndipo wengi husema, "Si hizo ni pesa zimeenda bure?" Mimi nakataa. Mitambo ya zamani ilikuwa na masikio mazito, kwa hivyo kimya chake hakingeweza kukuambia kama aksioni dhaifu zaidi ipo au haipo. Ya 2018 ilikuwa na uwezo wa kuisikia. Kama mata ya giza inayotuzunguka ni aksioni za aina hiyo, basi haziko hapo. Hilo ni jibu, na anayefuata haanzi sifuri.

Peccei alifariki 2020 bila kujua kama alikuwa sahihi. Tunapenda sana stori za waliopata, lakini ramani huchorwa pia na wale waliofunga njia zisizofika. Wewe ungeiweza hiyo kazi?