Kirusi kilichokuja na ufagio

Miaka ile, ukimpelekea fundi kompyuta iliyokuwa nzito, dawa ya kwanza ilikuwa CCleaner. Programu hiyo ya bure, kazi ya kampuni ya Piriform ya London, ilifuta mafaili ya muda, historia ya kivinjari na takataka nyingine zinazojazana kwenye Windows. Mwishoni mwa 2016 wenyewe walijinadi kwamba imepakuliwa mara bilioni 2.

Tarehe 15 Agosti 2017 likatoka toleo la 5.33. Lilikaa kwenye tovuti rasmi, tena likiwa na saini halali ya kidijitali ya Piriform, ambayo Windows huikagua ili ijue programu imetoka kwa mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na kirusi. Kikishaamka kilitulia kama dakika 10, kikaangalia iwapo mtumiaji ana mamlaka ya msimamizi, kisha kikakusanya jina la kompyuta na orodha ya programu zilizomo na kuvituma kwa mabwana zake. Watu milioni 2.27 walilipokea toleo hilo. Wala hawakuwa wazembe waliofungua barua pepe za ajabuajabu. Walifanya yaleyale tunayohubiriwa kila siku: pakua kwa mwenyewe, sasisha mapema.

Wadukuzi walikuwa wamekwishaingia tangu alfajiri ya 11 Machi, kupitia TeamViewer, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, iliyokuwa kwenye mashine ya mtaalamu mmoja wa Piriform. Nywila hawakuibahatisha; walifungua kwa jaribio moja. Kesho yake wakahamia mashine ya pili. Julai, Avast ya Prague, ambayo biashara yake ni kuuza kinga dhidi ya virusi, ikainunua Piriform pamoja na wezi wake.

Nao wezi hao hawakuwa na haja na picha za harusi za mtu. Seva yao ilikuwa na orodha ya kampuni walizozitaka: Samsung, Sony, Intel, Microsoft, Google, hata Cisco, ambayo watafiti wake wa kitengo cha Talos ndio walioitangaza habari hii 18 Septemba.

Seva hiyo ilikuwa imezimwa siku tatu kabla, Avast wakisaidiana na vyombo vya dola vya Marekani. Hifadhidata ilipofunguliwa, zilikutwa kumbukumbu za siku chache tu. Kumbe diski ilikuwa imejaa, seva ikaanguka tarehe 10, na wadukuzi wakalazimika kuisimika hifadhidata upya tarehe 12. Watu walioiteka programu maarufu kuliko zote za kusafisha diski! Baadaye ikapatikana seva ya akiba yenye kumbukumbu za nyuma, na hapo ndipo hesabu ilipokamilika: katika mamilioni yale, kompyuta zilizochaguliwa kupelekewa sehemu ya pili ya kirusi zilikuwa 40.