Tarehe ya Ahadi ya Wamasai

Alisikiaye jina la Laiser Hill huku kwetu Kajiado na ajue kuwa Laiser ni ukoo, tena ndio ukoo watokamo malaiboni, yaani viongozi wa dini wa Kimasai, akiwamo Olonana, ambaye mwezi wa Agosti 1904 alifunga mkataba na Kamishna wa Kiingereza, Sir Donald Stewart, kwamba Wamasai waliache Bonde la Ufa, wengine wahamie Laikipia na wengine wakae kusini, na ardhi hizo ziwe zao maadamu kabila lao lingali hai. Wakatengewa pia maili tano za mraba katika miteremko ya Kinangop za kufanyia jando. Nalidhukuru hili kwa kuwa mtu aombaye mahali pa kutahiria wajukuu ameisadiki ahadi kwa moyo wote.

Ahadi hiyo haikutimiza miaka saba. Aprili 1911, Olonana akiwa ameshafariki, mkataba wa pili ukawatoa Laikipia. Kiongozi wao wa huko, Ole Gilisho, na wenziwe wakashitaki, na mwaka 1913 mahakama ikaitupa kadhia yao, ikisema kuwa Wamasai si raia wa Mfalme, na mikataba yao naye ni mambo ya dola kwa dola, yasiyoweza kuhukumiwa na hakimu yeyote wa nchi.

Basi ikiwa walikuwa dola mwaka 1913, walikuwa nini mwaka 1962, katiba ya Kenya ilipokuwa ikitungwa Lancaster House, London, na wajumbe wao wakadai haki ya mikataba ile? Uingereza ilikana dhima, nao wakakataa kutia sahihi. Mwambao nao ulikuwa na mkataba, wa 1895, baina ya Waingereza na Sultani wa Zanzibar. Lakini kwa ajili yake alitumwa Sir James Robertson kuchunguza, na Oktoba 1963 enzi ya Sultani ikaachiliwa kwa maandishi, mahakama za makadhi zikiwekewa dhamana. Siwaonei kijicho watu wa pwani; walistahiki. Nasema tu kuwa hati mbili zilifika mbele ya watu wale wale, na moja tu ikasomwa.

Katiba ikaziweka ardhi za Wamasai amana kwa halmashauri. Ranchi za jumuiya zikafuata, na ile ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988, nyua za waya zikawakatia ng'ombe na nyumbu njia ya malisho.

Agosti 2004, mkataba ulipotimiza miaka mia, Wamasai waliandamana Nairobi, wakidai ardhi ile ile ya Laikipia.